Neno Moja Chini ya Picha

Tarehe 9 Februari

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Hujaniamkia, lakini najua ungekuwa karibu ungeniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa isije ikapotea njiani. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba cherehani na mimi tumezeeka pamoja. Mama yako mdogo hajambo, yuko chumbani kwake anakunja nguo na kulalamika, anakusalimu sana. Mwenye duka la dawa, yule tunayetumia sanduku lake la posta, naye anakusalimu na anasema stempu zako ni nzuri, usiache kuzibandika. Mkwe wangu je? Kikohozi kile cha asubuhi kimemwacha? Mwambie suruali aliyoniachia nimeshapunguza kiuno, imetundikwa inamngoja mwenyewe.

Umenikuta naandika kwa sababu simu nimeinulia mikono. Nikikupigia hupokei, ukipokea unasema "mama, nitakupigia," na hiyo nitakupigia yako ni kama kesho ya fundi seremala. Niliishia darasa la nne, utavumilia mwandiko.

Picha yako ya sinema imefika. Mtaa mzima nimeutangazia kwamba binti yangu ndiye anayewasemea watu wa nchi za mbali, wanafungua mdomo wao, maneno yanatoka kwake, chini ya picha, kwa Kiswahili. Na nimeelewa kwamba mkubwa wako wa kazi anataka maandishi yasomwe na kila mtu, hata asiyesoma haraka, ndiyo maana ukanichagua mimi niyajaribu. Asante kwa kunitukana kwa adabu.

Sasa mwanangu, picha yenyewe ni mbovu. Haina sauti. Watu wanafungua midomo, hakitoki kitu. Nikampelekea Fundi Redio deki yangu ya video, akaifungua, akakuta mende amekauka ndani. Akasema, "Mama, huyu ndiye aliyekula sauti." Akamtoa, akabadilisha waya, akapuliza vumbi. Bado kimya. Na rangi pia hakuna. Nimeirudisha kwenye bahasha. Nikutumie?

Jambo lingine ndilo kubwa. Mlisema mtakuja mwezi wa nne. Mnakuja? Mara ya mwisho uliposhika simu sauti yako ilikuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mimi sitaki mengi. Nataka kujua kama uko sawa.

Mama yako.

*

Tarehe 2 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Sisi hatujambo. Mume wangu anakusalimu. Kikohozi kimeisha.

Mama, nimecheka. Picha ile si mbovu. Zamani walipiga picha kabla hawajajua kunasa sauti. Mwambie Fundi Redio afunge deki, na mende apewe msamaha.

Usiirudishe. Itazame, lakini itazame mara mbili. Mara ya kwanza fuata kisa. Mara ya pili kisa unakijua, basi kiache, mfuate mtu mmoja tu, hasa yule asiyefanya mengi. Angalia mikono yake. Ukiona wamekuonyesha kiti au mlango kwa muda mrefu, usiseme wamesahau kuendelea. Jiulize kwa nini wamekukalisha hapo. Na ukichoka, pumzika, si mtihani.

Kazi ni nyingi. Nitakuandikia.

Mwanao.

*

Tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku tuzima. Watu wanaleta sare za shule, na kila mzazi anataka kubwa ili mtoto aje alingane nayo, kwa hiyo nashona magunia yenye mikono. Mama yako mdogo anakusalimu.

Nimeitazama. Fundi Redio naye alikuja, anasema ni kuhakikisha deki, lakini alikuja na kiti chake. Mara ya kwanza tuliona ni mwokaji mikate, anafukuzwa kazi, hamwambii mkewe. Kila asubuhi anavaa, anatoka, anakwenda kukaa stesheni. Jioni kabla hajaingia ndani anachota unga mfukoni, anajinyunyizia kwenye mikono ya shati, ndio aonekane ametoka kazini. Fundi Redio alicheka mpaka akakohoa. Mama yako mdogo alisimama mlangoni, akasema, "Mnakula umeme kutazama bubu anajipaka unga?" Akaenda zake.

Mara ya pili nikamfuata mke, maana ndiye asiyefanya mengi. Loo! Mwanangu, yule mwanamke anajua. Anajua tangu jioni ya kwanza. Mimi ni mshonaji, nakwambia: unga wa kazini unaingia kwenye mishono, unakaa ndani ya upindo, ukikung'uta unatoka siku tatu. Unga wa kujinyunyizia unakaa juu juu. Mke analipokea lile shati, anapitisha kidole kwenye pindo la mkono, kidole kinatoka safi. Anakitazama kidole. Halafu analikung'uta shati dirishani kwa nguvu zote, kama limejaa unga wa mwaka mzima, ili mumewe asikie.

Fundi Redio akaniuliza, "Mama, mbona mke hamuulizi?" Nikamwambia labda anangoja aambiwe. Akasema yeye asingengoja. Nikamwambia ndiyo maana mkeo amerudi kwao. Alinuna kidogo, lakini chai alikunywa.

Mwezi wa nne ndio huo unaingia. Niandalie jibu.

Mama yako.

*

Tarehe 20 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Hatujambo sote. Mume wangu anakusalimu, ana kazi nyingi, ndiyo maana mwezi huu hatukuweza. Tutapanga tena.

Kile kidole mimi sikukiona. Nimeitazama ile picha kazini mara nyingi na sikukiona. Nimerudia jana, kipo.

Uliniuliza siku moja kazi yangu ikoje, nikakujibu ovyo. Ni chumba kidogo, juu ya duka la viatu. Dirisha linatazama ukuta. Navaa spika masikioni kutwa, nasikia watu wakiongea lugha yao, naandika wanachosema. Lakini siandiki chote. Sheria ni mistari miwili, mifupi, kwa sababu mtazamaji hana muda, akisoma mno hataona uso. Mtu akisema maneno ishirini mimi nampa sita. Kazi yangu kwa kweli si kuandika, ni kupunguza. Wanasema nina mkono mzuri wa kupunguza.

Nimekutumia picha ya pili. Hii ina sauti na maneno yangu. Niambie kama unayafikia.

Mwanao.

*

Tarehe 6 Mei

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Nyumbani wote wazima, mama yako mdogo anakusalimu.

Siyafikii. Nisikudanganye. Mimi bado niko kwenye "nilikuambia," wao wameshaingia jikoni. Nikiinua macho kutazama nyuso, maneno yameondoka. Nikirudi kwenye maneno, mtu ameshapigwa kofi na sijui kwa nini. Jioni ya kwanza nililala na kichwa kinauma kama nilikuwa natia uzi kwenye sindano gizani.

Basi nikafanya kishonaji. Nilichukua kipande cha kitambaa cha pazia, nikakikata urefu wa runinga, nikakipinda, nikakitundika kwa pini kule chini kama rinda. Maneno yakafichika. Mara ya kwanza naitazama ikiwa imevaa rinda, nasikiliza sauti zao tu na kutazama nyuso. Mara ya pili navua rinda, nasoma, na Fundi Redio anashika rimoti, nikisema "simama" anasimamisha. Ananiita mheshimiwa hakimu.

Yaani mwanangu, karibu yote niliyaelewa na rinda! Wale dada wawili wenye nyumba kando ya reli, nilijua mkubwa anataka kuiuza na mdogo hataki. Mdogo kila treni ikipita anashika kabati la vyombo kwa kiganja lisitikisike, na mkubwa hashiki. Nyumba si yake tena, ameshahama moyoni.

Lakini humo kuna jambo nimeligundua, sijui kama mkubwa wako analijua. Dada mdogo anaingia kwenye ukumbi, vifungo vya gauni vimefungwa mpaka shingoni. Anapita kwenye korido. Anatokea sebuleni, kifungo cha juu kiko wazi! Nani kamfungua koridoni? Nilisema palepale, huyu ana mwanamume humo ndani, na dada mkubwa anajua, ndiyo maana anauza nyumba. Nikangoja atokee. Picha imeisha, mwanamume hakutokea. Nikairudia. Hakutokea. Fundi Redio anasema labda yuko chini ya kitanda. Niambie, yuko wapi?

Na wewe niambie yako. Umesema "tutapanga tena." Nyumba yenu ina vyumba vingapi? Mimi hata jikoni nalala.

Mama yako.

*

Tarehe 25 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Mzima?

Hakuna mwanamume. Siku walipopiga picha ya ukumbini na siku walipopiga ya sebuleni ni siku mbili tofauti, na mwigizaji alisahau kifungo. Ni kosa tu. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Nikagonga na mimi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Si kila kitu kina maana, mama. Hilo nalo ni sehemu ya kujifunza kutazama. Ukishaanza kuona, unaona hata visivyokuwepo.

Rinda lile nimemwambia mkubwa wangu. Akasema mistari yangu ifupishwe zaidi. Nakutumia ya tatu, hii nimeimaliza juzi.

Mwanao.

*

Tarehe 10 Juni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi tuko salama. Mvua imekata, barabara ya mbele imebaki na dimbwi moja ambalo kila mtu analijua na kila mtu analikanyaga.

Barua yako ya mwisho imekuja bila salamu za mkwe wangu. Nilidhani kuna ukurasa umebaki ndani, nikaitikisa bahasha. Haikutoka kitu. Umeniambia si kila kitu kina maana, huenda ni kifungo tu. Sawa. Nimekisikia.

Nikwambie ya picha ya tatu. Hii niliitazama peke yangu, Fundi Redio alikuwa na harusi ya kuwekea spika.

Nilianza na rinda kama kawaida. Yule mwanamke wa makamo, anayefanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi, sijaona mtu anayetembea taratibu vile. Kazini anakunja mashuka ya watu, nyumbani anakunja shuka lake. Hakuna anayemsemesha na yeye hamsemeshi mtu. Nusu ya picha ni yeye na mvuke. Zamani ningesema hakuna kitu humu. Nikakaa. Nikatazama kiti cha pili pale mezani kwake, ambacho kila siku anakivuta nje kidogo halafu anakisukuma tena ndani.

Halafu ile siku mwenzake wa kazini, msichana mgeni, anamuuliza kitu, neno fupi. Mwanamke anaacha pasi. Anaanza kusema. Mwanangu, anasema! Anasema mpaka mate yanamkauka. Anashika shingo yake, anatazama dirishani, anaendelea, anacheka kidogo, anajifuta jicho kwa mkono wa gauni, anaendelea. Mimi lugha yake siijui hata neno, nikajikuta nimesimama.

Nikasema, hapa lazima nisome. Nikatoa rinda, nikarudisha nyuma, miwani nikaifuta kabisa.

Msichana anauliza, chini umeandika: "Hujambo?"

Mwanamke anaanza kusema, chini umeandika: "Sijambo."

Basi. Neno moja. Likakaa pale. Yeye analia, limekaa. Anacheka, limekaa. Nikafikiri deki imekwama, lakini midomo yake inakwenda. Nimerudia mpaka rimoti ikapata moto. Siku ya pili nikamwonyesha Fundi Redio, nikamwambia aikague. Akatazama, akakuna kichwa, akasema, "Mama, deki haina ugonjwa."

Kasuku, yule mama alisema nini?

Mama yako.

*

Tarehe 8 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Ni kosa langu la kazi. Mistari iliyofuata ilifutika. Nitairekebisha. Usiitazame tena hiyo, nitakutumia nyingine, ya kuchekesha.

Mimi sijambo.

Mwanao.

*

Tarehe 20 Julai

Mwanangu,

Marahaba.

Barua yako ilikuwa fupi hata mwenye duka la dawa aliipima kiganjani akasema, "Hii bahasha ina kitu kweli?" Nikamwambia inacho.

Nimekaa nayo siku kadhaa. Nimeanza kukujibu mara nyingi na kuchana. Kila nikianza naona nakuwa kama askari, nakuuliza, na wewe ukiulizwa unapunguza. Sikulaumu, ndio mkono wako, na wanakusifu. Kwa hiyo leo sikuulizi. Leo nasema mimi.

Mama yako mdogo hayuko hapa. Ameondoka tangu mwezi wa tatu, jioni ile ile ya mwokaji. Haikuwa umeme. Alisema nimepata pa kukimbilia, kwamba zamani jioni tulikuwa tunakaa pamoja kumenya na kusengenya, sasa nakaa na watu ambao hata hawajui kama niko. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia wale angalau hawalalamiki. Asubuhi alifunga mizigo akaenda kwa mwanawe. Salamu zote nilizokuletea baada ya hapo nilizitunga. Kila nikiandika "anakusalimu," natazama mlango wa chumba chake umefungwa, na kalamu inaandika tu.

Kwa nini nilikuficha? Niliogopa utajua niko peke yangu, utahangaika. Na nilidhani nikiandika yupo, basi kidogo yupo.

Sasa unajua. Nyumba ni mimi, cherehani, na Fundi Redio akikosa kazi. Mchana si mbaya, wateja wanaingia. Ni ile saa ya kuwasha taa. Nawasha ya sebuleni, nawasha na ya chumbani kwake, ili kwa nje tuonekane wawili.

Mimi nilifundishwa shuleni, na nyumbani, na kila mahali: ukiulizwa hujambo, jibu ni sijambo. Hata nyumba ikiungua, kwanza sijambo, halafu ndiyo useme moto. Nimesema sijambo miezi hii yote. Kasuku, mimi nina jambo. Ninalo, na nimekwambia, na hakuna kilichoanguka, ila nimelia kidogo na karatasi imelowa hapa pembeni, utaniwia radhi.

Sikuulizi kitu.

Mama yako.

*

Tarehe 11 Agosti

Mama,

Shikamoo, mama yangu.

Yule mama alisema hivi. Nimeketi nimeyasikiliza tena, nayaandika yote, bila mistari miwili.

Anasema: "Unaniuliza kama sijambo, sijui, hajaniuliza mtu siku nyingi, ngoja nifikiri. Alipoondoka nilidhani kitakachokuwa kigumu ni kitanda. Kitanda si kigumu, unalala katikati tu. Kigumu ni mlango. Natia ufunguo, nafungua, na hakuna anayesema, umerudi? Hakuna kingine, hilo tu, umerudi? Hata alikuwa halisemi kwa upendo, alikuwa analisema bila kuinua kichwa. Juzi muuza mikate aliniuliza nataka mkubwa au mdogo, nikamweleza, nikamweleza kwa nini mkubwa unanichachia, na zamani tulikuwa tunaumaliza, mpaka watu wa nyuma yangu wakaguna. Nikaona aibu, nikanunua mkubwa. Uko mezani. Unanitazama hivyo kwa nini, wewe? Endelea na pasi yako."

Ndivyo alivyosema. Nilipofika hapo kazini niliandika lile neno moja, mikono ikakataa. Nilijaribu kupunguza, sikupata cha kuacha. Kwa hiyo niliacha yote, nikasema nani atajua. Watu hawajui ile lugha. Sikufikiria kwamba mtu angetazama uso.

Mume wangu ameondoka, mama. Kabla hujapokea ile picha ya kwanza. Hakuna ugomvi wa kusimulia. Alipata kazi mji mwingine, akasema atatangulia, akachukua vitu vya mtu asiyerudi. Nilisema nitakwambia akirudi. Kisha nikasema nitakwambia nikishazoea. Wewe kila barua mkwe wangu, mkwe wangu, na ile suruali. Ningekuambiaje? Nikawa nakuletea salamu zake. Siku ile ya kifungo nilicheka kweli, nikasahau kuzitunga.

Kazini naongea na mkubwa wangu, labda maneno kumi kwa siku. Wengine wote ninaowasikia hawanisikii. Jioni nikivua spika masikio yanavuma, napita nje ya maduka polepole ili nisifike.

Ule mstari nimeandika upya. Nimeandika: "Mlango ndio mgumu. Hakuna anayesema, umerudi?" Mkubwa wangu akahesabu, akasema umezidi. Nikamwambia unabaki. Umebaki.

Sina hali nzuri, mama. Sijui niseme nini kingine.

Mwanao.

*

Tarehe 19 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena.

Nakuja. Nimeshaongea na watu wa basi, ni safari ya siku nzima na kubadilisha njiani, dereva ananifahamu, nilimshonea kiti chake. Naondoka Jumanne ya mwisho wa mwezi, barua hii itanitangulia. Mama yako mdogo nilimfuata kwa mwanawe nikamwomba msamaha, akanuna, akaniambia nimekonda, ndio amenisamehe. Ufunguo wa nyumba nimempa yeye, amesema atakaa mpaka nirudi, na ameuliza hiyo deki inawashwaje.

Sikulaumu kwa kutoniambia. Suruali nimempa Fundi Redio, inambana lakini anaivaa.

Sasa nisikilize. Najua ulivyo, utataka kufagia, utataka kupanga, utaficha vyombo vichafu, utaazima kiti kwa mtu. Usifanye. Iache nyumba ilivyo, nataka niione. Usinunue kitu. Usitoke kazini mapema, wala usije kunipokea stendi, mimi si kifurushi. Ufunguo wa akiba mwachie huyo jirani wa ukuta, mwambie mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa atamgongea, na atajua ni mimi kwa sababu nitaongea naye mpaka anichoke.

Wewe siku hiyo fanya kazi yako, vua spika zako kwa wakati wake, pita njia yako. Usipite polepole. Ukifika tia ufunguo kama kila siku, fungua.

Mimi nitakuwa ndani nashughulika na kitu, labda sitainua kichwa. Lakini utasikia mtu anasema, umerudi?

Mama yako.